Ndondi: Kinga inayookoa kichwa huenda ikaumiza figo

WAPENZI wengi wa ndondi humshangilia yule anayepiga. Bondia anayerudi nyuma, anayeinama, anayejifunika uso kwa glavu, huyo huzomewa na kuitwa mwoga. Kwa daktari mambo huwa kinyume. Daktari haulizi umepiga makonde mangapi. Huuliza umepigwa mangapi, yalikupata wapi, na una miaka mingapi katika mchezo huo.

Kaskazini Mashariki haijawahi kuwa ngome ya ndondi. Mjini Garissa, kama ilivyo Wajir na Mandera, mpira wa miguu ndio mchezo wa vijana. Hata hivyo Garissa ni mji wenye kambi za wanajeshi na polisi, na timu za Jeshi, Polisi na Magereza ndizo zilizobeba ndondi za ridhaa nchini Kenya kwa miaka mingi. Isitoshe, simu ya mkononi imemwezesha kijana wa Bula Iftin kutazama pigano la Las Vegas usiku na kuliiga kesho yake jioni, yeye na rafiki yake, kwa glavu za kuazima na bila kocha. Aghalabu anachoiga kwanza ni madaha ya kujikinga: mkono mmoja chini, bega juu, kichwa kikichezacheza. Yanapendeza kutazama. Wiki hii tutaeleza mitindo hii inaukinga mwili vipi, na inauacha wazi wapi.

Kwanza tuelewe kinachokingwa. Ubongo haukushikiliwa na mfupa wala msuli. Unaelea katika maji ndani ya fuvu. Konde la moja kwa moja usoni huurudisha nyuma. Konde la pembeni linalopata kidevu ni baya zaidi, kwa kuwa huzungusha kichwa ghafla na ubongo ukachelewa kukifuata. Hapo nyuzi za ubongo huvutwa, na mishipa midogo ya damu inayopita kati ya ubongo na utando ulio chini ya fuvu huweza kukatika. Damu inayovuja haina pa kwenda. Hujikusanya na kuubana ubongo. Vifo vingi vya ulingoni hutokana na jambo hilo moja.

Wako wanaodhani glavu humlinda anayepigwa. Zilipofanywa kuwa lazima na sheria za Queensberry mwaka 1867, zilipunguza mipasuko ya uso, lakini kubwa zaidi zililinda vidole vya mpigaji. Mkono usioogopa kuvunjika hupiga kichwa mara nyingi na kwa nguvu zaidi. Kofia ya kinga nayo ina hadithi yake. Iliingia katika Olimpiki mwaka 1984, ikaondolewa kwa wanaume watu wazima mwaka 2013, na katika Michezo ya Rio ya 2016 wanaume walipigana vichwa wazi. Kofia huzuia kuchanika kwa ngozi. Kutikisika kwa ubongo haikuzuii. Kwa hiyo kinachobaki ni ustadi wa mtu mwenyewe.

Ukuta wa mikono

Mtindo ambao makocha wengi hufundisha kwanza ni wa kuinua glavu zote mbili hadi kwenye mashavu na kubana viwiko mbavuni. Ni rahisi kujifunza, na mwanafunzi wa wiki mbili anaweza kuutumia. Humsaidia hasa aliyechoka au aliyeshtuliwa na konde, kwa kuwa hauhitaji macho makali wala miguu mepesi.

Kasoro yake ni kwamba konde linalozuiwa halipotei. Nguvu zake hupita kwenye glavu na kuingia kichwani, na glavu ikiwa imegusana na shavu, ni kana kwamba bondia amejipiga kwa mkono wake mwenyewe. Haangushwi, ndiyo, lakini anatikisika kidogo kidogo raundi nzima. Pia haoni vizuri, na tumbo linabaki wazi kila viwiko vinapopanda. Anayeutegemea ukuta huu peke yake hujizoesha kusimama palepale na kupokea.

Kutoka mtindo huo, kocha Mmarekani Cus D'Amato alitengeneza wake: glavu juu karibu na macho, kidevu ndani, mwili umejikunja, na kichwa kisichotulia hata sekunde moja. Kichwa kinachoyumba ni shabaha ngumu. Floyd Patterson aliutumia akawa bingwa wa dunia wa uzani wa juu mwaka 1956 akiwa na miaka 21, na Mike Tyson akavunja rekodi hiyo mwaka 1986 akiwa na miaka 20. Ni mtindo wa mtu mfupi anayetaka kumkaribia mrefu bila kuchapwa njiani.

Lakini unahitaji magoti, mapaja na shingo yenye nguvu, na mazoezi yasiyokatika. Anayeinama kwa mpigo mmoja uleule husomwa, kisha akainama juu ya konde linalotoka chini kwenda juu. Mnamo Juni 1959 Patterson aliangushwa mara saba katika raundi moja, ya tatu, na Ingemar Johansson wa Sweden. Aliinuka mara zote hadi refa alipokomesha pigano, na mashabiki wakamsifu kwa moyo wake. Mwaka 1998 alijiuzulu uongozi wa tume ya riadha ya jimbo la New York baada ya kumbukumbu yake kupotea kiasi cha kushindwa kutaja mambo makubwa ya maisha yake ya ulingoni. Alifariki mwaka 2006. Hakuna anayeweza kusema ni konde gani lilimfanya hivyo, na pengine si konde moja.

Bega la Mayweather

Mtindo unaoigwa sana na vijana wa leo ni ule wa bega. Bondia husimama upande, bega la mbele limeinuliwa kufunika kidevu, mkono wa mbele umekaa tumboni na wa nyuma uko shavuni. Konde linapokuja hugeuza bega kidogo likateleza, na papo hapo mkono wa nyuma unajibu. Floyd Mayweather alimaliza mapigano yake 50 ya kulipwa bila kushindwa hata moja akitumia njia hii.

Kwa ubongo, huenda hii ndiyo kinga bora, kwa kuwa konde halizuiwi bali hupotoshwa. Shida ni kwamba Mayweather alilelewa ndani yake tangu utotoni, nyumbani kwa baba na baba mdogo waliokuwa mabondia. Ni kinga ya jicho na mazoea, na mkono ulio chini hausamehe kosa. Mpinzani wa mkono wa shoto huuvuruga kwa urahisi, kwani konde lake zito hutoka upande usiofunikwa na bega. Kijana wa miezi mitatu anayeshusha mkono ili aonekane stadi ameondoa mlango na kuacha pazia. Ukweli ni kwamba kocha anayemruhusu mwanafunzi mchanga kufanya hivyo hajali kichwa cha mtoto wa mwenzake.

Kamba za Kinshasa

Hakuna kinga iliyopata sifa katika Afrika kama ile ya Muhammad Ali mjini Kinshasa, alfajiri ya 30 Oktoba 1974. George Foreman alikuwa na miaka 25, ameshinda mapigano 40 yote, 37 kwa kuwaangusha wapinzani. Ali alikuwa na miaka 32. Kila mtu alitazamia amkimbie. Badala yake aliegemea kamba, akafunika uso, akamwachia Foreman mbavu na mikono apige apendavyo katika joto lile la Kongo. Foreman alipiga hadi akaishiwa pumzi, na katika raundi ya nane Ali akamwangusha.

Ni hila nzuri ya siku moja. Kamba hulegea na kumeza sehemu ya nguvu za konde, kichwa kiko mbali, na mpinzani anachoka. Ila makonde yaliyoelekezwa mbali na kichwa lazima yaangukie mahali, nayo yaliangukia mbavu, ini na figo.

Figo zimekaa nyuma, chini ya mbavu za mwisho, na kinga yake si kubwa. Zikipigwa sana huvuja damu, na bondia huiona katika mkojo wake baada ya pigano. Mara nyingi hukoma baada ya siku chache. Lakini kurudia jambo hilo mwaka hadi mwaka si mchezo. Mwaka 1977, baada ya Ali kupigana na Earnie Shavers, daktari wake Ferdie Pacheco aliona majibu ya maabara yaliyoonyesha figo zinadhoofika. Akamshauri astaafu, na aliposhindwa kusikilizwa akaondoka. Ali alipigana mara nne zaidi. Wakenya walimwona Nairobi mnamo Februari 1980, alipotumwa na Rais Jimmy Carter kuomba nchi za Afrika zisuse Michezo ya Moscow. Miezi minane baadaye alikuwa ulingoni mbele ya Larry Holmes, hawezi kukwepa wala kujibu, hadi kocha wake alipokataa aendelee baada ya raundi ya kumi.

Mwaka 1984 Ali alitangaziwa kuwa ana ugonjwa wa Parkinson. Madaktari wamebishana tangu hapo ikiwa makonde ndiyo yaliyouleta. Lisilo na ubishi ni kwamba alipokuwa kijana alikinga kichwa kwa miguu, na aliporudi ulingoni mwaka 1970 baada ya kufungiwa kwa zaidi ya miaka mitatu miguu ile haikurudi yote. Kuanzia hapo alijikinga kwa uvumilivu. Uvumilivu ni sifa njema nje ya ulingo. Ndani ya ulingo ndio unaojaza hesabu ya makonde.

Hesabu hiyo ilianza kutiliwa maanani zamani. Mwaka 1928 daktari Harrison Martland wa Marekani aliandika kuhusu mabondia wastaafu waliotembea na kusema kama walevi ilhali hawakunywa. Mwaka 1973 daktari Corsellis na wenzake nchini Uingereza walichunguza bongo za mabondia 15 waliofariki, wakakuta uharibifu unaofanana. Maradhi hayo hujificha miaka mingi, na hayawapati walioangushwa tu. Wingi wa makonde madogo, yakiwemo ya mazoezini ambayo hakuna anayeyahesabu, nao huchangia.

Miguu na joto

Ndiyo maana mwandishi huyu anaupendelea mtindo wa miguu kwa anayeanza: kukaa mbali, kuingia, kupiga, kutoka. Konde lisilokufikia halihitaji kuzuiwa. Kenya imewahi kuwa na mabondia wa kusifika kwa ustadi, na Philip Waruinge ni ushahidi. Katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 alipata shaba tu, lakini waamuzi wakampa kombe la Val Barker la bondia stadi kuliko wote katika michezo hiyo. Miaka minne baadaye, Munich, akachukua fedha.

Mtindo huu una adui mmoja ambaye Garissa anajulikana sana, nao ni uchovu. Miguu ikiisha, mikono nayo hushuka, na anayetegemea mbio hana ukuta wa kujificha. Mjini humo joto la mchana hupita nyuzi 35 katika miezi ya kiangazi, na anayefanya mazoezi makali huweza kutoa lita moja ya jasho au zaidi kwa saa. Kijana wa kilo 60 akipoteza kilo moja na robo ya maji, tayari wepesi na fahamu zake zimepungua. Jipime uzito kabla na baada ya mazoezi. Kilichopungua ni maji, yarudishe. Mkojo wa rangi ya chai ya rangi ni onyo. Chai ya maziwa ya ngamia ni tamu na ina faida zake, lakini haichukui nafasi ya maji.

Mwezi wa Ramadhani wanaofunga wahamishe mazoezi makali hadi baada ya futari, na kupigana kwa glavu wakati wa saumu kuachwe kabisa. Mabondia wanaopunguza uzito kwa kujifunga nailoni na kukimbia juani, kwa kutema mate au kunywa dawa ya kuharisha, huingia ulingoni wakiwa wamekauka, na figo iliyokauka ikipigwa huumia zaidi. Wakimeza na vidonge vya kutuliza maumivu kama ibuprofeni kutoka duka la dawa, wanaiongezea figo hiyo mzigo mwingine.

Miraa nayo lazima itajwe, maana katika eneo hili ni jambo la kila siku. Hupandisha shinikizo la damu na mapigo ya moyo, huondoa hamu ya chakula na kukata usingizi. Anayetafuna hujisikia hana uchovu, ilhali uchovu upo. Bondia asiyejua kuwa amechoka hawezi kujua kuwa kinga yake imeshuka.

Wangila

Robert Wangila ndiye Mkenya wa pekee aliyewahi kutwaa dhahabu ya Olimpiki katika ndondi. Mjini Seoul mwaka 1988, uzani wa welta, alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili ya fainali. Alijulikana kwa uzito wa ngumi zake. Tarehe 22 Julai 1994, huko Las Vegas, alipigana na David Gonzalez, na refa akakomesha pigano katika raundi ya tisa. Wangila alilalamika kwamba angeweza kuendelea. Alikuwa amesimama kwa miguu yake na anazungumza. Baadaye katika chumba cha kubadilishia nguo akapoteza fahamu, na ingawa alifanyiwa upasuaji wa ubongo, alifariki baada ya siku mbili. Alikuwa na miaka 26.

Kisa hiki kinafundisha kwamba anayevuja damu ndani ya fuvu anaweza kuonekana mzima kwa muda, na kwamba mwenye kupigwa ndiye asiyefaa kuulizwa kama aendelee. Mjini Manila, Oktoba 1975, Joe Frazier alitaka kutoka kwa raundi ya 15 dhidi ya Ali akiwa haoni vizuri. Kocha wake Eddie Futch alimkalisha kitini na kukomesha pigano. Frazier alikasirika, lakini alirudi nyumbani.

Wangila aliumia katika mji wenye hospitali kubwa karibu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1981 ulihusu majeruhi 82, si mabondia, waliozirai kwa kuvuja damu ya namna hii. Waliopasuliwa ndani ya saa nne za kwanza, walikufa 30 kwa kila 100. Waliochelewa zaidi ya hapo, walikufa 90 kwa kila 100. Sasa chukua ramani. Kutoka Garissa hadi Nairobi ni kilomita 370 hivi, na kwa gari hizo saa nne zinaishia njiani. Kutoka Mandera ni zaidi ya kilomita 1,000. Anayeandaa pigano katika eneo hili, liwe la kambini au la uwanjani, ajue kabla ya kengele ya kwanza ni nani atakayeupasua ubongo siku hiyo, yuko wapi, na mgonjwa atafikishwa kwake kwa njia gani, ndege ikiwemo. Akikosa jibu, asiandae.

Wapo wanaoona jibu ni kuuacha mchezo. Shirikisho la Madaktari Duniani lilitaka ndondi zipigwe marufuku mwaka 1983, na Baraza la Fiqhi lililokutana Makka mwaka 1987 liliamua kwamba ndondi za namna hii haziruhusiwi katika Uislamu kwa sababu ya madhara yake. Ukurasa huu hautoi fatwa; mwenye kutaka ufafanuzi awaendee masheikh wake. Lakini kuna sehemu kubwa ya ndondi isiyohitaji kichwa cha mtu: kuruka kamba, kupiga mfuko, kupigana na kivuli, kujifunza miguu. Moyo na mapafu hufaidika na hayo yote, kwa wavulana na wasichana, bila mtu kupigwa.

Kwa wale watakaoendelea, mapigo ya kichwa mazoezini yawe machache sana, na wenye uzito mmoja wakutanishwe. Akiangushwa au kuduwaa, mazoezi yake yameisha siku hiyo, hata akisema hajambo. Asilale peke yake usiku huo, wala asipewe aspirini, kwani huzidisha kuvuja kwa damu. Maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika, usingizi mzito usio wa kawaida, maneno kukwama, mkono au mguu wa upande mmoja kulegea, mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyenzake: lolote kati ya haya ni la kumpeleka hospitali saa ileile, si la kungojea asubuhi. Damu katika mkojo au maumivu ya tumbo yasiyotulia nayo yapelekwe kwa daktari. Akiwa salama, apumzike asipigane kwa mwezi mmoja au zaidi, na kurudi kwake kuwe kwa ruhusa ya daktari aliyempima macho, usemi na mwendo wake.